Duka la dawa Masasi, na msimu wa korosho ulionidanganya

Nilipofungua duka langu la dawa Masasi, mkoani Mtwara, mwezi wa saba 2017, nilikuwa nimeshika dawa kwa miaka tisa. Mimi ni fundi dawa sanifu, na miaka yote hiyo niliimalizia dirishani kwenye famasi ya hospitali, nikihesabu vidonge na kuandika bahasha. Dozi nilizijua. Nilijua dawa ipi haikai na ipi, na mwandiko wa kila daktari niliusoma bila kukodoa macho. Biashara ndiyo sikuijua. Kila mwaka napigiwa simu na wadogo zangu wa kazi waliochoka na mshahara: "Dada, mtaji kiasi gani unatosha?" Kwenye simu huwa nawajibu kwa kifupi. Hapa nataka nijibu yote.

Nilianza na shilingi milioni 14. Tano zilikuwa akiba yangu, tano nilikopa kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, nne alinipa mjomba wangu baada ya kuuza korosho. Kodi ya fremu, maeneo ya Mkuti, nililipa ya mwaka mzima: 1,800,000. Vigae, dari, sinki na milango ya vioo vilikula 2,600,000. Makabati na kaunta 1,900,000, friji 650,000, kiyoyozi 900,000. Dawa zenyewe nilinunua za milioni sita. Ukijumlisha utaona mkononi imebaki 150,000. Ada za usajili na kibali sikuziwekea fungu, wala leseni ya halmashauri, wala mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, wala mshahara wa mfamasia. Kwa hiyo siku nafungua mlango nilikuwa nimeshakopa tena.

Kosa la fremu nalo niliseme mapema, maana linawapata wengi. Nililipa kodi kwanza, ndipo nikamwita mkaguzi. Akapima, akaniambia chumba cha kutolea dawa ni kidogo na sehemu ya kuhifadhia haina mzunguko wa hewa. Ukuta ukabomolewa kwa fedha yangu, na mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Anza kwa mfamasia wa halmashauri. Mwombe aje aone chumba kabla hujatoa shilingi, akuambie kama ukubwa unafaa, kama maji yapo, na kama umbali kutoka duka jingine la dawa unakubalika kwa kanuni. Anayefanya kazi yake hakatai kuja.

Halafu amua unafungua nini. Kuna Duka la Dawa Muhimu, lile tunaloliita DLDM, na kuna famasi. Mpango wa DLDM ulianzia Ruvuma 2003, na Mtwara yetu ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufuata, ukachukua nafasi ya yale maduka ya zamani ya dawa baridi. Pale anauza mtoa dawa aliyepata mafunzo, na orodha ya dawa anazoruhusiwa ni fupi. Famasi inataka mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi awe msimamizi wake. Mimi nilitaka famasi, kwa sababu nilikuwa nimeona wagonjwa wa presha na kisukari wakisafiri mbali kutafuta dawa za mwezi. Nia ilikuwa hiyo. Ila baada ya miezi mitatu niliisahau kabisa, na aliyenisahaulisha ni korosho.

Asiyeishi kwetu inabidi aelezwe kidogo. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ukanda wote wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, na Lindi kule Nachingwea na Ruangwa, fedha inaingia mikononi mwa watu kwa mkupuo. Korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, mkulima analipwa. Msimu wa 2017 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka nyumba, walinunua pikipiki, na waliingia dukani kwangu wakitaka kila kitu: dawa za kuongeza damu, vitamini, mafuta ya kuchua, sharubati za hamu ya kula kwa watoto. Kabla ya msimu nilikuwa nauza elfu sabini au themanini kwa siku. Novemba nikauza mpaka laki nne. Nilimrudishia mjomba fedha yake yote. Nikajiona nimeshaiweza kazi.

Basi msimu wa 2018 nikaupangia. Mwezi wa tisa nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikachukua mzigo wa milioni saba mali kauli kwa wauzaji wa jumla wawili, nilipe ndani ya siku sitini. Na kwa kuwa wakulima niliwafahamu, nikafungua daftari la madeni. Mtu anakuja mwezi wa nane anapulizia salfa, kifua kinambana, hana kitu mfukoni: chukua, utalipa korosho zikiuzwa. Mpaka Oktoba daftari lilikuwa na 3,400,000.

Wa kwetu wanakumbuka kilichotokea. Wakulima waliikataa bei ya minada, utaratibu wa ununuzi ukabadilika katikati ya msimu, na malipo yakachelewa. Wapo waliolipwa mwaka uliofuata. Sikumlaumu mteja hata mmoja, maana nilikuwa naona wanavyoishi. Lakini wauzaji wa jumla siku zao sitini zilifika. Nikauza kiyoyozi. Hakikutosha. Nikaenda kukopa kwenye mikopo hii ya kausha damu, milioni mbili, nirudishe milioni mbili na laki nane kwa miezi miwili. Usiku nilikuwa nalala na simu chini ya mto, nikisikia mlio nashtuka. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Mama Salma, tufunge?" Nikashindwa kumjibu.

Kabati nalo lilikuwa linaoza kimyakimya. Mzigo wa msimu haukutoka, na sehemu kubwa ilikuwa sharubati na vidonge vya bei niliyoipata rahisi, kwa sababu muda wake wa matumizi ulikuwa umebaki miezi michache. Punguzo kubwa la muuzaji wa jumla sikujiuliza linatoka wapi. Na joto la Masasi mnalijua. Bila kiyoyozi, dawa za kuweka njia ya haja kubwa, zile za watoto wenye homa, ziliyeyuka ndani ya maganda zikawa mafuta. Mwaka 2019 nilitenga dawa za 2,300,000 zilizoisha muda. Nazo huzitupi shimoni wala huzichomi nyuma ya nyumba. Unaziweka mbali na za kuuza, unaziandikia wazi kuwa hazifai, unaziorodhesha, unatoa taarifa, na zinateketezwa kwa utaratibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mbele ya wanaohusika. Kukaa chini na kuorodhesha hasara yako kopo kwa kopo, namba ya toleo kwa namba ya toleo, ni kazi inayouma. Niliifanya kwa siku mbili.

Tangu hapo dawa inayoisha muda mapema inakaa mbele, itoke mapema. Inayobakiza miezi sita inabandikwa karatasi nyekundu, na kila Jumamosi jioni tunazihesabu nyekundu peke yake. Kabla ya kuagiza nauliza, "Hii ilitoka ngapi kwa miezi mitatu iliyopita?" Jibu ndilo linaamua kiasi, bei rahisi ya muuzaji haiamui. Naagiza kidogo kidogo kila wiki mbili, hata kama nauli ya mzigo inaongezeka. Tofauti ya nauli ni ndogo kuliko ile orodha ya siku mbili. Na nanunua kwa mwenye kibali anayenipa risiti yenye namba ya toleo, maana siku tangazo la kuondoa dawa fulani sokoni likitoka, utatakiwa kujua yako ni ya toleo lipi na umemuuzia nani.

Kosa linaloniaibisha zaidi ni la mfamasia. Mwanzoni nilimpata kwa kuunganishwa na mtu. Anaishi mbali, cheti chake nikakitundika ukutani, kila mwezi namtumia laki mbili kwa simu. Kwa miezi kumi alikuja mara mbili. Wengi wanafanya hivi na wanaona ni akili. Mwaka 2019, mwezi wa nne, wakaguzi walikuja asubuhi, wakauliza, "Msimamizi yuko wapi?" Nikasema amesafiri. Wakamtaka kwenye simu, wakamwuliza duka liko mtaa gani, akashindwa. Walifunga duka siku kumi na moja. Walifanya sawa. Cheti kilichotundikwa hakimwoni mama mjamzito anayeomba dawa asiyotakiwa kunywa. Siku wanafunga, mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimwelekeza duka jingine, nikaingia ndani nikalia.

Mfamasia wa sasa ni kijana aliyemaliza mafunzo ya vitendo baada ya chuo, akaja kukaa Masasi na mke wake. Namlipa 900,000 kwa mwezi na nachangia kodi ya nyumba. Ndiyo gharama yangu kubwa kuliko zote, na ndiyo nisingeipunguza hata ningebanwa vipi.

Lakini kabla mfamasia huyu hajaja nilikuwa na mteja, mzee mmoja wa Chikundi. Alikuwa anakuja kununua amlodipini, dawa ya presha, vidonge vitano vitano. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, vitano, asante, anaondoka. Nilimuuzia hivyo zaidi ya mwaka. Sikuwahi kumwuliza siku tano zikiisha anafanya nini. Agosti 2019 alikuja kijana wake na boksi tupu mkononi: baba ameanguka, kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, yuko Ndanda hospitali. Kijana akaniambia mzee alikuwa anakunywa akihisi kichwa kizito, kikipoa anaacha, na zile tano zilikuwa zinamfikisha mwezi. Hakuja kunilaumu, alikuja kununua dawa alizoandikiwa. Mimi ndiye niliyebaki na lile boksi pale kaunta mchana ule wote.

Mtu niliyeapa kumhudumia siku nafungua ndiye niliyempita nikiangalia wa msimu. Wa korosho anakuja miezi mitatu kwa mwaka, bei ikiwa nzuri. Mwenye presha anahitaji vidonge thelathini mwezi huu, thelathini ujao, kiangazi na masika, korosho ziwe 4,000 au ziwe zimekaa ghalani. Nilikuwa nimejenga duka juu ya mteja asiyekuwepo miezi tisa.

Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila mwenye dawa ya kila siku, kwa ridhaa yake, anaandikwa: jina, dawa, kiwango, siku aliyochukua, siku itakayokwisha, namba ya simu yake au ya mjukuu mwenye simu. Siku tatu kabla haijaisha tunapiga simu. Tukianza tulikuwa na watu 17. Mwisho wa 2021 walifika 140, na sasa ni 326. Daftari linafungiwa kabatini, maana ugonjwa wa mtu si habari ya kaunta. Mashine ya presha ipo pembeni kwenye kiti chenye mgongo. Mteja anakaa dakika tano kwanza, mkono unakaa usawa wa moyo, ndipo tunapima, bure, na tunaandika kwenye kadi yake ili daktari aione. Nilimwuliza mfamasia wa halmashauri kabla ya kuanza: nini naruhusiwa, nini siruhusiwi. Kuchoma sindano, kutundika dripu, kufunga vidonda vikubwa, hayo si ya duka la dawa, na nimekataa hata pale mteja alipotoa fedha nzuri.

Kwa wasio na fedha ya mwezi, hatukopeshi tena. Tunawawekea. Mtu analeta elfu moja leo, elfu mbili siku ya gulio, tunaandika kwenye kadi yake mbele yake, siku dawa inapoisha anakuta fungu limetimia. Wazo hili alinipa mama mmoja muuza mihogo, kwamba ndivyo anavyonunua kanga. Daftari la madeni la 2018 nilikuja kulipwa nusu yake, mengine nikayafuta mwenyewe.

Uamuzi ulioniumiza kwenye mauzo ni wa antibayotiki. Februari 2020 tuliacha kabisa kuuza bila cheti cha daktari, na tukaacha kukata dozi. Mtu anakuja: "Nipe zile za rangi mbili, nne tu." Unamweleza kuwa nne haziponyi, zinawafundisha vimelea kuizoea dawa, na kesho ikihitajika kweli haitafanya kazi. Anakusikiliza, anaondoka, unamwona anaingia duka la pili. Mauzo yalishuka kutoka wastani wa 160,000 kwa siku mpaka 110,000, na yalikaa huko miezi minne. Dawa mseto ya malaria vilevile. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa mara sita ndani ya siku tatu, mara ya pili baada ya kupita saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Anayetaka kumi na mbili hatumpi, na ambaye hajapima tunamwomba akapime zahanati kwanza, maana si kila homa ni malaria hata huku kwetu ilikojaa. Nilichukua muda kuona faida. Waganga wa zahanati ndio walianza kuwaambia wagonjwa wao, nenda pale, watakueleza. Vyeti vikaanza kuja, na cheti kimoja kina dawa tatu, nne.

Maelezo yenyewe nayo tulijifunza kuyatoa. Nilikuwa nasema "kutwa mara mbili" halafu namwona mama anaitikia tu kwa heshima. Sasa tunamwomba arudie yeye: "Mama, nyumbani utanieleza vipi nikija kukuuliza?" Ndipo unagundua alielewa kunywa vyote viwili asubuhi. Kwa wazee tunaandika kwenye boksi alama ya jua na mwezi. Msimu wa jando, wazazi wakija kuchukua bandeji na dawa ya kuoshea kidonda, tunawaeleza dalili za kumkimbiza mtoto hospitali, na tunawaeleza akina baba na mama wote wawili, kwa sababu mara nyingi anayenunua siye anayemhudumia mwali, yaani mtoto aliye jandoni.

Umeme ulitusumbua mno. Insulini ya wenye kisukari inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ikizima kutwa nzima unaangalia kipimajoto kama unaangalia mgonjwa. Nilinunua kisanduku cha barafu chenye pakiti za akiba, kipimajoto cha friji, na baadaye sola ndogo kwa 1,450,000. Kwa wateja wasio na friji kabisa tunawaonyesha ya mtungi: chungu kidogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji kila siku, vinafunikwa kitambaa kibichi, vinakaa kivulini, na chupa ya insulini inakuwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Haifikii ubaridi wa friji, lakini joto la chumba linapungua vya kutosha kwa chupa iliyokwisha funguliwa, ambayo hutumika takribani wiki nne. Kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa anaacha insulini yake dukani na kuja kila siku kwa baiskeli sasa anakaa nayo kwao. Na wanaoiweka karibu na barafu tunawaonya: insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mei 2024 ndipo nilipojua kama daftari lina kazi. Kimbunga Hidaya kilipita na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, pale Somanga. Mzigo wangu ulikuwa njiani. Mwaka 2018 ningekuwa na makabati yaliyojaa sharubati za hamu ya kula na sina kidonge cha presha. Safari hii, kwa kuwa tulijua nani anaishiwa lini, dawa za watu wa daftari tunaziwekea akiba ya wiki sita, na hiyo akiba haiuzwi kwa mwingine hata abembeleze. Mzigo ulizunguka Songea, ukaja kwa Tunduru, nauli ikawa karibu mara tatu. Bei hatukupandisha. Tulikosa dawa ya minyoo na ya mafua kwa siku kadhaa. Ya presha na kisukari haikukosekana.

Kwa fedha, duka sasa linaingiza wastani wa 420,000 kwa siku, na tofauti ya Novemba na Machi imekuwa ndogo. Deni la kikoba lilimalizika 2020, kausha damu nililipa mapema zaidi kwa kuuza shamba dogo la mikorosho alilonirithisha mama. Hilo bado linaniuma kila nikipita njia ile.

Watu wananishauri nifungue tawi Mangaka. Fremu imepatikana, mfamasia wa halmashauri ya Nanyumbu ameshaiona na kusema inafaa, fedha ya kuanzia ipo pamoja na ya ada na ya mishahara ya miezi sita. Ninachosubiri ni mfamasia atakayekubali kuhamia na kuishi kule. Wawili wamesema watanipa cheti niwatumie fedha kila mwezi. Fremu hiyo mwenyewe amenishikia mpaka mwisho wa mwezi huu.